Kilomita 200 kila mwezi, Januari hadi Desemba: masika, upepo na cheni mnavimudu vipi?

Tegeta_Alfajiri

Wakuu, habari za saa hizi. Lengo ni safari moja ya baiskeli ya km 200 au zaidi kila mwezi, miezi 12 mfululizo, kwa mtindo wa ile tuzo ya R-12 ya Randonneurs USA, chama cha waendesha baiskeli wa masafa marefu Marekani. Muda ni ule wa breveti (safari ndefu zenye kikomo cha muda) za Audax Club Parisien: km 200 ndani ya saa 13 na dakika 30, na humo humo kuna kula, kupumzika na kuziba pancha. Njia ni Tegeta, Bagamoyo, kisha barabara ya Msata, kugeuza mita ikisoma 100.

Baiskeli ni ya mtumba, fremu ya chuma, gia 8 nyuma, breki za kubana rimu. Uzito wa mwendeshaji kilo 74. Juni hadi Desemba inakwenda kwa kusuasua, lakini haya yanakwamisha:

1. Aprili na Mei mvua inakula wikiendi moja baada ya nyingine, mwezi unaisha.
2. Juni na Julai kurudi kutoka Bagamoyo ni kupigana na upepo mpaka nyumbani.
3. Cheni mpya haimalizi hata miezi mitatu, gia zinaanza kuruka.
4. Kizunguzungu baada ya km 150, na maji yananywewa kweli kweli.
5. Tairi la nyuma likijazwa upepo kupita 50 (psi) linainuka upande mmoja wa rimu. Fundi wa mtaani anasema tyubu ni mbovu. Zimeshabadilishwa mbili.

Mwenye utaratibu wa mwaka mzima amwage hapa. Nawasilisha.

---

Pepo_za_Pwani

Mkuu, nianze na namba 1 na 2, hizo nyingine wataalamu wa spana wapo.

Watu wengi hupoteza mwaka wao kwenye kalenda, miguu ingali na nguvu. Wanaiweka safari wikiendi ya mwisho wa mwezi, mvua inanyesha au kunatokea msiba, mwezi umekwenda. Iweke safari ndani ya siku 10 za kwanza. Ikiharibika una wikiendi mbili za akiba. Ikifanikiwa, siku 20 zilizobaki ni za mazoezi mepesi na kurekebisha chombo. Utaratibu huo peke yake unatatua nusu ya masika.

Kwa Aprili na Mei, acha kuchagua tarehe mwezi mmoja kabla. Tenga siku tatu zinazowezekana, angalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) jioni ya kuamkia, amua saa 2 usiku. Vitu vyote viwe vimeshafungwa kwenye baiskeli. Na usiende mbali: badala ya kwenda km 100 na kurudi, tafuta kipande cha km 25 chenye bega zuri la barabara, ukizungushe kwenda na kurudi mara nne. Kilomita ni zile zile, ila hauko mbali na nyumbani, na chakula unakipitia kila baada ya km 50. Inachosha akili, sikatai. Lakini bonde la Ruvu wakati wa masika ni eneo wazi, maji hujaa, na radi ikianza huna pa kujificha. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya km 10: acha baiskeli, ingia kwenye nyumba au gari, subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mbuyu au mnazi uliosimama peke yake si kivuli cha radi.

Koti la plastiki liache. Mvua ya Pwani si ya baridi, hilo koti litakuchemsha na utalowa jasho badala ya maji. Kizibao chepesi cha kuzuia upepo kifuani kinatosha. Madigadi ni lazima, na la mbele liwe na kipande cha mpira kinachoning'inia hadi karibu na lami, maana tope linalorushwa na gurudumu la mbele ndilo linaloua cheni na viatu.

Dakika 20 za kwanza za mvua ndizo mbaya zaidi, oili ya magari inaelea juu ya lami. Rangi nyeupe ya vivuko ni kama sabuni. Dimbwi usilipite hata likionekana dogo, hujui shimo lililoko chini lina kina gani.

Sasa upepo. Kusi huanza Aprili na hukaza Juni na Julai, inatoka kusini. Wewe unakwenda Bagamoyo asubuhi ukisukumwa na upepo ambao alfajiri bado ni dhaifu, halafu unarudi alasiri ukikabiliana nao ukiwa umekomaa. Umejipangia mambo kinyume. Kuanzia Aprili hadi Septemba elekea kusini: katiza mji saa 10 alfajiri barabara zikiwa tupu, Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, endelea barabara ya Kilwa hadi mita isome 100, geuza. Kusi itakurudisha. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Februari, ndipo Bagamoyo na Msata zinakufaa: unakwenda ukiukabili asubuhi ukiwa mchanga, unarudi umekupa mgongo.

Saa 10 alfajiri si ushauri wa kishujaa. Hesabu: saa 13 na nusu kutoka hapo ni saa 11 na nusu jioni, na Dar jua halizami kabla ya saa 12 mwezi wowote. Kwa hiyo giza ni la mwanzoni tu, saa mbili hadi mbili na nusu. Ukitembea km 22 kwa saa ukiwa barabarani, km 200 ni saa 9 na dakika kama 5. Zinabaki zaidi ya saa nne za kusimama.

---

Spana_Kumi_na_Tano

Namba 3. Cheni haifi kwa kilomita, inakufa kwa mchanga. Vumbi jekundu likichanganyika na oili ni msasa.

Kwanza pima, usikisie. Chukua rula ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu inchi 12 kamili. Cheni mpya pini itaangukia sm 30.48. Ikifika 30.63, agiza nyingine. Gia 8 unaweza kuivuta hadi 30.7. Ikifika 30.8 umechelewa, imeshakula meno ya sproketi. Ndiyo maana ukifunga cheni mpya juu ya sproketi za zamani inaruka ukikanyaga kwa nguvu, halafu lawama zinakwenda kwa cheni. Nina wasiwasi wako ni ugonjwa huo: sproketi zimekwisha zamani, kila cheni mpya inalazwa kwenye kitanda kibovu. Badilisha vyote kwa pamoja mara moja, kisha badilisha cheni pekee kila inapofika 30.7, na sproketi zitahudumia cheni mbili au tatu.

Mafuta: oili chafu iliyotoka kwenye injini ni marufuku, ina chembe za chuma ndani. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, mvua ya nusu saa inayaondoa. Kwa masika tumia oili nzito ya gia au ile ya msumeno wa mnyororo. Tone moja juu ya kila roli upande wa ndani, matone kama 110, jumla ni mililita 4 au 5 tu, si kumwagia. Zungusha pedali nyuma dakika moja, acha ilale usiku, asubuhi ifute kwa kitambaa mpaka ikishikwa isiache weusi mwingi. Oili inayofanya kazi ni iliyo ndani ya roli. Ya nje inakusanya vumbi tu.

Breki za rimu zitazame pia baada ya kila mvua. Toa gurudumu, chungulia pedi: ukiona vipande vinavyong'aa vimejikita kwenye mpira, ni alumini ya rimu yako. Ving'oe kwa ncha ya pini. Ukiviacha, kila ukifunga breki unachonga rimu.

Na kwa kuwa fremu ni ya chuma, kila mwisho wa mvua chomoa nguzo ya kiti, pindua baiskeli, maji yatoke. Paka grisi kabla ya kuirudisha. Hewa ya chumvi ya Pwani inaunganisha alumini na chuma kiasi kwamba baada ya mwaka nguzo haitoki hata kwa nyundo.

Namba 5 sitajibu mpaka usome namba iliyochapwa ubavuni mwa kila tairi. Si ile ya "700" au "27". Ile yenye kistari, mfano 28-622, yaani upana wa tairi kisha kipenyo cha kukalia rimu, kwa milimita. Soma zote mbili, mbele na nyuma.

---

Mshumaa_na_Mnyororo

Spana, kwa masika nakubaliana nawe. Kwa kiangazi napinga, Julai hadi Septemba nta inaishinda oili kwa mbali, maana vumbi halinati kwenye kitu kikavu.

Cheni isafishwe kwanza kwa petroli mara mbili, grisi ya kiwandani itoke yote, nje, mbali na moto wa aina yoyote. Ianikwe ikauke kabisa. Yeyusha nta ya mshumaa mweupe kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja kwenye jiko, nta ikipata moto kupita kiasi inawaka. Tumbukiza cheni dakika 10, itikise mpaka mapovu yaishe. Kisha zima jiko usubiri nta ianze kuwa nzito kidogo ndipo uitoe. Wengi hukosea hapa: ikitolewa nta ikiwa nyepesi kama maji, yote inachuruzika na ndani ya roli hakibaki kitu. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo, ikunje pingili kwa pingili.

Inakwenda km 250 hadi 300 kwenye ukavu, yaani safari moja na mazoezi ya wiki moja. Mvua kubwa moja inaimaliza. Kwa hiyo cheni mbili: moja ya nta, moja ya oili, na kiungo cha kufungulika kwa mkono ili kubadilisha kuchukue dakika tano.

---

Tegeta_Alfajiri

Shukrani sana wakuu. Rula imepimwa: 30.85. Sina la kujitetea.

Namba za tairi nitazileta kesho kukipambazuka, huku hakuna umeme. Wakati huo huo, namba 4 bado. Unywaji ni lita moja kwa saa, maji ya dukani, na chakula ni chai na chapati mbili asubuhi, kisha wali Bagamoyo wakati wa kurudi. Pia Ramadhani inaingiaje kwenye utaratibu wa siku 10 za kwanza?

---

Chumvi_Robo

Jibu liko kwenye maelezo yako. Lita moja ya maji matupu kwa saa, kwa saa tisa, bila chumvi. Jasho linatoka na sodiamu, wewe unarudisha maji peke yake, damu inazimuka. Kizunguzungu, kichefuchefu, vidole kuvimba mpaka pete inabana: ukiviona hivyo na mkojo ni mweupe kama maji, usiongeze maji matupu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hapo ni upungufu wa maji. Hali mbili tofauti, na watu huzitibu kwa dawa moja.

Pima jasho lako. Pima uzito ukiwa mkavu bila nguo, endesha saa mbili bila kwenda haja, jifute, pima tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja. Ongeza ulichokunywa, gawanya kwa mbili, umepata lita zako kwa saa. Fanya Julai na urudie Februari, majibu hayatafanana.

Chupa: maji lita 1, sukari vijiko vikubwa vitano vya kusawazishwa (kama gramu 60), chumvi robo ya kijiko cha chai, ndimu nusu. Robo ya kijiko ni kama gramu 1.5 za chumvi, sawa na miligramu 600 hivi za sodiamu. Februari kwenye joto peleka hadi karibu nusu kijiko. Pakiti ya ORS ni nzuri kwa chumvi, ila ina gramu 13.5 tu za glukosi kwa lita, imetengenezwa kutibu kuhara na haitakupa nguvu ya kukanyaga. Ukiitumia, chakula kitoke pengine.

Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kunywa kwa raha, lakini yasihesabiwe kama chumvi.

Kula: gramu 60 za wanga kwa saa, kuanzia saa ya kwanza, kabla njaa haijakuuliza. Ndizi mbivu ya wastani ni kama 25, tende ndogo tatu ni kama 20, chapati ndogo 30 na kitu, soda ya ml 350 kama 37. Chupa moja ya mchanganyiko huo hapo juu kwa saa inakamilisha zote 60, lakini saa tisa za utamu mtupu tumbo litagoma, kwa hiyo changanya: nusu kwenye chupa, nusu ya kutafuna. Wali sahani nzima km 150 ni kosa, damu inakwenda tumboni na mguu unalala. Kula sahani hiyo ukifika. Barabara ya Msata kipindi cha mananasi ya Kiwangwa jizuie, vipande viwili vinatosha. Asidi juu ya tumbo lililochoka ni kesi nyingine.

Na kile kidonge cha diklofenaki watu wanachokunywa goti likiuma njiani: kwenye joto na upungufu wa maji kinaumiza figo. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiko juu. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba, hapo ndipo urefu wake. Rekebisha kwa milimita 3 kwa wakati mmoja, si sentimita.

---

Pepo_za_Pwani

Ramadhani: huwa inaangukia kwenye miezi miwili ya kalenda, na hiyo ndiyo nafasi yako. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Basi safari ya Februari ni kati ya tarehe 1 na 7, na ya Machi ni baada ya Idi, wiki mbili nzima zinabaki kabla ya masika kukolea. Kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo 2028 itaingia mwishoni mwa Januari. Mwaka mgumu ni ule mfungo unapolingana na mwezi mzima, kama 2025 ulipoanza mwanzoni mwa Machi. Hapo unakubali usiku mmoja, kuanzia baada ya futari hadi daku, au mfululizo unakatika na unaanza upya.

Ndani ya mfungo usitafute kuongeza nguvu. Dakika 45 hadi 60 polepole kabla ya futari, mara tatu kwa wiki, zinatosha kutunza ulichonacho. Baada ya Idi toa km 100 kwanza, wiki inayofuata ndiyo 200. Wanaofunga sita za Shawwal waziweke katikati, si kuamkia safari.

Wiki za kawaida: km 100 hadi 120 zinatosha mtu kutoa 200 kila mwezi. Vipande viwili vya saa moja katikati ya wiki, na km 60 hadi 80 wikiendi. Zaidi ya hapo ni hiari.

---

Mtaa_wa_Ruwi

Salamu kutoka Muscat. Mwenye kusoma uzi huu akiwa Ghuba, geuza saa zote: Juni hadi Agosti mchana joto linapita nyuzi 40 na safari ni ya usiku, kuanza saa 3 usiku kumaliza asubuhi. Hapo taa si pambo. Mbili mbele, kila moja na betri yake, ya kwanza ikififia ya pili ipo. Nyuma mbili pia, moja ya kuwaka mfululizo, moja ya kumweka, kwa sababu ya kumweka peke yake dereva hawezi kupima umbali. Huku tunapita kulia, kioo kinafungwa upande wa kushoto wa usukani. Nyumbani mnapita kushoto, kwa hiyo chenu kiwe kulia.

---

Spana_Kumi_na_Tano

Kioo nakiunga mkono kwa mikono miwili. Lori likiwa linakuja mbele na kioo kinaonyesha jingine nyuma, shuka begani mapema, usisubiri honi. Lakini angalia hilo bega: ndiko kunakojaa nyuzi za chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Ni nyembamba kama unywele, inaingia, tyubu inapoteza upepo kidogo kidogo, unaweka tyubu mpya, km 10 mbele pancha tena. Kabla ya kufunga tyubu mpya pitisha pamba kavu ndani ya tairi mzunguko mzima, itanasa pale ulipo waya. Ng'oa kwa kibanio cha nyusi. Kidole hakitauona.

Beba tyubu mbili, kiraka sita, msasa, na solushen ambayo haijafunguliwa. Ikishafunguliwa, kwenye joto letu inakauka ndani ya bomba na utaigundua umeshafika porini. Paka nyembamba, subiri dakika tano isinate tena kidoleni, ndipo ubandike.

---

Tegeta_Alfajiri

Namba nimezisoma kwa tochi. Mbele: 28-622. Nyuma: 32-630.

---

Spana_Kumi_na_Tano

Tyubu zako zote mbili zilikuwa nzima. Rimu ni ya 622 na tairi la nyuma ni la 630, lile la inchi 27 la baiskeli za zamani. Kipenyo kimezidi milimita 8, ndiyo maana nina hakika liliingia kwa mikono mitupu bila hata mpini wa kijiko. Upepo ukiwa mdogo linajishikilia, ukipanda linateleza nje ya ukingo wa rimu na tyubu inapasuka kwa kishindo. Na usije ukauziwa la 635, hilo ni la Phoenix, inchi 28 kwa jina lakini ni kubwa zaidi.

Litoe leo, usiendeshe nalo hata kwenda dukani. Nunua 28-622 au, fremu ikiruhusu, 32-622, pima kwanza nafasi kati ya tairi na breki, ibaki angalau milimita 4 kila upande pamoja na digadi. Kwa kilo 74, la 32 jaza 65 nyuma na 60 mbele. La 28 jaza 80 na 75. Ile tyubu ya 27 usiitupe, inakaa kwenye 622 bila shida, ifunge kwenye mfuko wa kiti iwe akiba.